Risasi Iliyozikwa Lobule

Video ya ndugu yangu niliiona mara ya kwanza kwenye simu ya mteja. Alikuwa mama mmoja wa hapa Mvara, mjini Arua, amekuja kuchukua sare za watoto wake, na wakati mimi napiga pasi kola ya mwisho yeye alikuwa ameishika simu mbali na macho, kama wafanyavyo watu waliosahau miwani nyumbani.

"Mama fundi, kuja uone," akaniita. "Askari ya Koboko iko naua mtu kama kuku."

Nikaiweka pasi pembeni nikaenda kuona. Barabara ya vumbi, pikipiki imelala ubavu, kelele za watu. Mtu amelala kifudifudi. Askari mmoja, bunduki inaning'inia begani, anapiga goti kando yake, anamgusa shingo au anamgusa mfuko, haionekani vizuri, kisha anainua uso kumtazama anayepiga picha. Hapo inakwisha, na ikishakwisha inaanza tena yenyewe. Mimi sikungoja ainue uso. Ndugu yangu hutanguliza goti la kulia tangu alipoanguka na baiskeli ya baba akiwa mdogo, na ni mimi niliyembeba mgongoni mpaka zahanati.

"Angalia sura," yule mama akasema. "Huyu hata mama yake iko najua ni muuaji."

Nilimkunjia sare zake vizuri kuliko nilivyowahi kumkunjia mtu, nikazitia kwenye mfuko, nikamwambia asante, karibu tena. Alipoondoka nilikaa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, nikashindwa kuikanyaga.

Ndugu yangu ni kitinda mimba wetu. Sisi ni watu wa Lobule, wilaya ya Koboko, wakulima wa muhogo na tumbaku, ila baba yetu alikuwa mwanajeshi enzi zile ambazo karibu kila nyumba ya kwetu ilikuwa na mwanajeshi, na Kiswahili kiliingia nyumbani pamoja na buti zake. Tulikimbia nacho kwenda Kongo, tukarudi nacho. Wengine hurithi ng'ombe. Sisi tulirithi lugha ya kambini. Kwa hiyo ndugu yangu alipoingia polisi hakuna aliyeshangaa. Walimpeleka mashariki kabisa mwa nchi, mahali ambapo watu walimuuliza kama West Nile, huku kwetu, nayo ni Uganda. Miaka ikapita. Miguu ya mama ikaanza kuvimba, ndugu yangu akaomba uhamisho arudi karibu, akaomba tena na tena, mwisho wakampa Koboko. Tulikwenda kushukuru kanisani. Mama alimchinja jogoo wake wa kuringia, yule aliyekuwa akiamsha kijiji kizima, tukamla kwa furaha. Siku hizi nikimkumbuka yule jogoo nasikia kucheka, kicheko kibaya.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko. Doria ilikuwa barabarani, kwenye njia inayotoka mpaka wa Kongo, ikiwasubiri waendesha boda wanaoingiza petroli ya magendo kwa jerikani. Mpaka hapo kila mtu anakubali. Baada ya hapo kila mtu ana habari yake. Polisi walisema kijana aliwaelekezea pikipiki makusudi, na wenzake wakarusha mawe. Watu walisema alikuwa ameshasimama, mikono juu. Kuna aliyesema amebeba petroli, kuna aliyesema amebeba muhogo mkavu wa mama yake, na yuko mmoja, namjua, hakuwa hata Koboko siku ile, anayekueleza mpaka rangi ya gunia. Risasi zilisikika, tena kutoka bunduki zaidi ya moja. Hilo hata wenye hasira hawalikatai. Kijana akaanguka. Alikuwa mtu wa Lobule kama sisi, wa kijiji cha pili kutoka kwetu, na aliacha mke na watoto wadogo.

Askari wote wa doria ile walikuwa na bunduki. Lakini wenzake ndugu yangu walitoka mbali, kusini na mashariki, watu ambao mji haukujua majina yao wala makanisa yao. Ukimuuliza shahidi, askari gani? atasema askari. Mmoja tu ndiye aliyejulikana ni mtoto wa nani, amesoma wapi, mama yake anatembea vipi. Basi midomo ilipohitaji jina, jina lililokuwepo lilikuwa moja. Husemwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Koboko ilitujua, na ilitumaliza. Kabla ya jua kuzama jina la ndugu yangu lilikuwa limevuka Kongo na kurudi, na siku zilizofuata wenzake wakahamishwa vituo, yeye akawekwa rumande Arua kwa kosa la kuua.

Sisemi polisi ni malaika. Nimeishi mji huu miaka mingi, najua mlio wa risasi, najua jinsi taarifa ya polisi inavyotoka jioni ikiwa imeshafuliwa na kupigwa pasi. Watu wetu wamezika sana, wakaambiwa uchunguzi unaendelea, na uchunguzi ukaendelea mpaka wachunguzi wakastaafu. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wale waliokuwa wakipiga simu redioni kusema askari huyu anyongwe, mimi siwezi kuwaita wajinga. Wengi wao mara nyingi wamekuwa na haki. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba siwezi hata kuwakasirikia vizuri.

Sasa nieleze kuhusu mwili, maana kila kitu kinarudi kwenye mwili.

Kwetu, damu ya mtu aliyeuawa njiani haiachwi njiani. Ikiachwa, watu wataikanyaga, mbwa wataijia, na marehemu hatatulia. Atakuwa anarudi pale kila siku kutafuta kilichobaki. Kwa hiyo ndugu zake huja na jembe na nguo safi, hukwangua udongo wote ulioingia damu, huufunga, huenda nao nyumbani, na udongo ule huwekwa kaburini ubavuni mwake. Ni jambo la heshima na mimi mwenyewe nimewahi kulishiriki, kwa shangazi yangu aliyegongwa na lori. Nililia nikikwangua, na nilipomaliza nilipumua.

Kwa yule kijana walifanya hivyo hivyo. Polisi walitaka kuuchukua mwili waupeleke mochwari, daktari aufungue, na watu wakakataa. Waliupandisha kwenye pikipiki yake mwenyewe, wawili wakiushikilia, wengine nyuma na matawi, honi zikilia mpaka Lobule. "Wamuue wao, tena wampime wao?" walisema, na niambieni, nani angewajibu? Jembe lilikwangua pale alipoangukia, na maganda ya risasi yaliyokuwa pale, kama yalikuwepo, yalikwenda na udongo. Wachunguzi walipofika kutoka Arua walikuta shimo dogo safi, kama mtu alitaka kupanda mti. Wanawake waliomwosha marehemu walisema tundu lilikuwa moja, la kuingilia. La kutokea hawakuliona. Kesho yake alizikwa, na udongo wake.

Haya yote nilielezwa maana yake na wakili tuliyepewa na mahakama, kijana mpole mwenye viatu vilivyoliwa kisigino. Alinikalisha kwenye benchi nje ya ofisi yake, akasema kila bunduki huiachia risasi alama zake, hakuna mbili zinazofanana. Risasi ya kijana yule haikutoka. Ipo. Bunduki za doria ile zilishikwa na zimefungiwa. Ukiipata risasi ile utajua imetoka bunduki ipi, na ukijua bunduki utajua mtu.

"Sasa tunaipata wapi?" nikauliza, kama mpumbavu.

"Kaburini, mama," akasema.

Mahakama inaweza kuamuru kaburi lifukuliwe, alinieleza, lakini upande wa mashtaka hauoni haja. Video ipo, mashahidi wapo, nchi nzima imeshaona. Yeye ameomba, na ombi lake limewekwa juu ya maombi mengine. Njia fupi ni wenye kaburi waseme wao wenyewe, fukueni. Wakisema hivyo hakuna wa kubisha. Kisha akanionya jambo moja. Tusipeleke kitu chochote kwa wafiwa, si pole, si mnyama, si neno la msamaha. Chochote kitakachokwenda kule kitarudi mahakamani kimevaa nguo ya kukiri kosa.

Nilikwenda Lobule kuwaambia watu wetu. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo mwenye neno ni baba mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akachezea kofia yake. Halafu akasema, "Huyo wakili yako alizaliwa wapi?" Nikataja. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu.

Maana kwetu damu ikishatajwa baina ya koo mbili, hamnywi maji ya mtungi mmoja, hamkai mkeka mmoja, hampeani hata moto. Na ukoo uliotajwa, uwe umekosa au haukukosa, hutuma ng'ombe. Maana ya ng'ombe yule ni kwamba tumesikia kilio chenu. Habari ya aliyekosa hubaki kuzungumzwa baadaye. Asiyemtuma amesema kifo chao si kitu. Baba mdogo alituma ng'ombe. Alimtuma mchana, akiwa na wazee, bila siri, kwa sababu jambo la heshima halifichwi. Na huko njiani mtu akapiga picha. Jioni ile picha ilikuwa kwenye simu zote za Arua, ng'ombe wetu mwekundu na wazee wetu wenye makoti, na maneno juu yake yakisema familia ya muuaji yaomba msamaha. Wakili aliniletea picha ile dukani, akaiweka juu ya kitambaa nilichokuwa nakata. Nilimwonea huruma. Wao walizika risasi kwa heshima, sisi tukapeleka ng'ombe kwa heshima, na kati ya heshima hizo mbili ndugu yangu alikuwa gerezani.

Gereza la Arua si mbali na kwangu. Siku za kutembelea nilikuwa nachukua bakuli la chakula, napanda boda, nangoja pamoja na wanawake wengine wenye mabakuli. Humo ndani polisi hana marafiki. Alikuwa analala karibu na mlango, na alikonda mpaka shati nililomshonea likawa linamvaa yeye. Tuliongea Kiswahili kwa sababu askari jela wanataka kusikia mnaongea nini.

"Mimi nilipiga juu, dada," aliniambia mara ya kwanza. "Juu kabisa. Hata majani ya mti ilianguka, mimi niliona. Halafu nikaona mtu iko chini, nikaenda kuangalia kama iko napumua. Hiyo tu."

Niliamini. Nilirudi Mvara nikaamini mchana kutwa. Lakini kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Shahidi hayupo, jaji hayupo, faili haipo. Na humo ndani wafungwa wana redio, wana ndugu wanaowapa habari, wanamuita kwa jina ambalo sitaliandika. Kidogo kidogo maneno yake yakaanza kulegea. Ikawa, "Nafikiri nilipiga juu." Ikawa, "Mkono yangu ilikuwa natetemeka, dada, mawe ilikuwa nakuja." Na siku moja aliegemea wavu, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Dada, wewe uliona hiyo video. Unaona ni mimi?"

Katika dunia hii yote nilidhani kuna mtu mmoja anayejua, na nilikuwa nampelekea chakula. Kumbe naye alikuwa anangoja kuambiwa. Wamemwambia mara nyingi sana kwamba ameua hata mikono yake imeanza kukubali.

"Ni wewe uliyepiga goti," nikamwambia. "Kupiga risasi haionekani."

"Waambie wafungue kaburi," akasema. "Hata kama ni ya bunduki yangu. Mimi nataka kujua tu. Hii ya kukaa katikati iko namaliza mimi."

Basi hilo likawa ndilo jambo langu. Wengine wana mashamba, mimi nilikuwa na kaburi la watu. Nilijaribu kupitia kwa mchungaji. Alikwenda, akarudi na kusema kaka za marehemu wamemfukuza kwa maneno mazuri. Nilijaribu kupitia kwa diwani. Alisema ni suala la familia, na uchaguzi uko karibu. Mimi mwenyewe singeweza kukanyaga uwanja wao, kwa sababu ya damu iliyotajwa.

Vitambaa vyangu huwa nanunua Koboko, vitenge vinavyovuka kutoka Kongo. Mama wa marehemu anauza samaki wakavu katika soko lile lile. Yeye ni mzaliwa wa ng'ambo, wa Kongo, aliyeolewa Lobule, na tangu zamani alikuwa akiniita mtoto wake na kunitania kwamba siku moja atanioza kwa Mkongomani mwenye duka. Baada ya msiba nikawa nazunguka nyuma ya soko, kwenye mitaro, ili nisipite mbele ya meza yake. Siku moja aliniita.

"Mama fundi! Unapita huko kama mutu ya kuiba. Kuja."

Nilikwenda. Wanawake wa meza za jirani waliacha kupepea nzi. Kabla ya mambo haya angenivutia kigoda na kunitekea maji, maana jua la soko lile si mchezo. Alinitazama nikiwa nimesimama, akautazama mtungi wake, akaugeuzia uso. Mtungi ule uliniuma kuliko matusi yote ya redioni.

"Batu banasema mnataka kufungua mutoto yangu," akasema.

Nikamweleza. Nilimweleza kama nilivyoelezwa mimi kwenye benchi, alama za bunduki, bunduki zilizofungiwa, tundu moja. Sikulia, na sikusema ndugu yangu hana kosa. Nilisema hatujui, wala ninyi hamjui, na risasi inajua. Alisikiliza huku anapanga samaki zake upya, wale waliokuwa wamepangwa vizuri.

"Batoto yangu banakataa," akasema. "Banasema mutu akifunguliwa iko nakufa mara mbili. Lakini si hiyo mimi naogopa." Akamweka samaki mmoja juu ya mwingine. "Mimi nalala na jina ya ndugu yako. Asubuhi naamka nayo. Sasa wakifungua, wakisema hapana, si yeye, ni mutu ingine ya mbali, ilishahamishwa, hakuna mutu anajua iko wapi. Mimi nitachukia nani?"

Nilitazama samaki.

"Mama yako aliapa mbele ya wazee," akaendelea. "Alishika maziwa yake, alisema mutoto yangu hakuua. Nilisikia. Basi yeye akuje. Hapa sokoni, hapa si nyumba ya mutu. Aniambie na mdomo yake, fungua. Mama akiniambia mama, nitafungua, na batoto yangu watanyamaza. Mimi ndiye nilizaa."

Sikumbuki nilivyoaga. Nilipanda boda ya kwanza niliyoiona, na njia yote ya Lobule nilikuwa nacheka na kufuta vumbi machoni, mwendeshaji akinitazama kwenye kioo. Niliona mlango umefunguka. Neno moja tu lilikuwa limebaki, na lilikuwa kwa mtu ambaye tangu siku ya kwanza hakuacha kulisema. Mama yangu aliapa kanisani, aliapa kwa wazee, aliwaapia hata wachuuzi wa chumvi. Kwa maziwa niliyomnyonyesha, mtoto wangu hakuua.

Nilimkuta anatoka bombani. Si bomba la karibu, maana lile tunalichangia na wafiwa na sasa hatuwezi; lile la mbali, ng'ambo ya mashamba ya tumbaku, na miguu yake ile. Nilimtua ndoo kichwani. Akakaa chini, akaanza kutwanga simsim, yaani ufuta, kwa sababu alijua kesho ni siku ya gereza na ndugu yangu anapenda mboga yenye simsim. Nikamwambia yote, haraka haraka, nikirukia mwisho kabla ya mwanzo. Nikasema kesho yenyewe tukitoka mapema utamkuta sokoni.

Mchi uliendelea.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi tunaenda?"

Alipunguza mwendo wa mchi, lakini hakuuacha. "Na wakikuta ni ya mtoto wangu?" akauliza.

Nilidhani nimeelewa vibaya. Nikasema, lakini mama, wewe uliapa.

"Niliapa," akasema. "Mimi ni mama yake, nifanye nini? Nilikuwa huko? Niliona?" Akafuta jasho kwa kanga. "Sasa hivi iko mtoto yangu. Watu nasema hivi, mimi nasema vile, na iko mtoto yangu. Wakifungua hiyo, wakisema ni yeye, mimi nitasema nini tena? Nitashika maziwa gani?"

Nilikasirika. Sitaficha, nilitaka kumnyang'anya mchi niutupe kwenye tumbaku. Nilimwambia mwanawe mwenyewe anataka, amesema hata kama ni ya bunduki yake. Nilimwambia anaoza mle ndani kwa kutojua. Nilimwambia maneno mengine ambayo binti hapaswi kumwambia mama yake, na yeye aliyapokea yote, akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za mvua.

"Yule mama ya marehemu, naye iko naogopa?" akauliza mwishoni.

"Anaogopa."

"Basi," akasema. "Sisi wawili tuogope."

Nililala palepale Lobule, na asubuhi nilimuomba tena, kwa upole safari hii, nikipiga magoti kama ninavyompigia nikimsalimu. Alinishika kichwa. Akaniambia nisichelewe, foleni ya gereza ni ndefu. Nilifikiria kupitia sokoni nimwambie yule mama kwamba wangu amekubali ila miguu inamsumbua, lakini hakutaka neno langu. Alitaka la mama, kutoka mdomoni mwa mama, na hilo halipatikani kwa fundi. Nikapita mitaroni, nyuma ya soko, nikashika gari la Arua na bakuli mapajani.

Ndugu yangu alikuwa ameshafika kwenye wavu aliponiona. Alikuwa amenyoa ndevu. Nilikuwa nimemtumia salamu wiki iliyotangulia kwamba natafuta njia ya kuwafikia wafiwa, na bila shaka alinyoa kwa ajili ya jibu.

"Walisema nini?" akauliza, hata salamu hakutoa.

Watu wote wa nchi hii walikuwa na la kusema juu ya kesi yake, na mimi peke yangu nilikuwa nimebeba lililo kweli. Yule mwanamke aliyempoteza mtoto alikuwa tayari. Aliyekataa ndiye aliyekaa asubuhi kumpikia mboga hii. Nikalitazama bakuli.

"Wamekataa," nikasema.

Alitazama chini. Nilingoja ahuzunike, nilingoja agonge wavu, na hakufanya hivyo. Alinihurumia mimi, nilimwona machoni.

"Usiwalaumu, dada," akasema. "Ile ni mama. Mama gani atakubali wafungue hiyo?"

Askari jela aliingiza kijiko kwenye bakuli kukagua, akampa. Ndugu yangu akafunua, akanusa simsim, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu akatabasamu.

"Hii iko mkono ya mama," akasema, akaanza kula.